Mtu wa Kuhesabu Mawe: Mtafiti wa Matumbawe Anafanya Nini Baharini Kwetu?

Pantoni ya Msangamkuu, hapa Mtwara, ilikuwa imejaa kama kawaida ya asubuhi: bodaboda mbele, ndoo na matenga ya kina mama katikati, na mimi nimebanwa ubavuni. Pembeni yangu alisimama binti mwenye begi lililotokeza mapezi ya mpira, na mkononi kashika kibao cheupe cha plastiki chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alimtazama tangu tulipoondoka mjini, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mjukuu wangu, wewe wa gesi au wa hifadhi?"

"Shikamoo babu. Si wa gesi, si wa hifadhi. Nasoma matumbawe."

"Marahaba. Matumbawe yapi, haya mawe?"

"Si mawe, babu. Ni wanyama."

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, ila kicheko cha mtu anayehisi anatiwa ujinga mchana kweupe. Akasema amejengea mawe hayo nyumba mbili, amechoma chokaa yake kwa mikono yake tangu ujana, na hajawahi kusikia jiwe likilia tanurini. Binti hakubishana. Alimwambia tu kwamba bamvua likifika, maji yakikauka sawasawa, atamwonyesha. Mzee akamwambia, "Haya, nitakuja. Sina kazi nyingine." Pantoni ikagonga ufuko na kila mtu akashika njia yake.

Ubishi ule si wa mzee peke yake. Mwaka 2024, redio zilipotangaza kwamba matumbawe yanapauka duniani kote, vijiweni mwa Mtwara nilisikia kila aina ya tafsiri. Wapo waliosema yote yamekufa, wapo waliosema gesi ndiyo imeyaunguza, na wapo waliosema jua limekuwa kali tu, mbona hata mabati yanapauka. Na wale wanaokuja na vibao vyeupe kuyatazama, hakuna aliyekuwa na hakika ni akina nani, wanatafuta nini, na kwa nini kila mwaka wanarudi palepale kama waliosahau kitu. Kwa hiyo tuanze na jiwe lenyewe.

Nyumba na mwenye nyumba

Nenda Shangani maji yakiwa yamekupwa, uokote kipande kimoja cha jiwe jeupe kati ya yale yaliyotupwa na mawimbi. Kiangalie kwa karibu. Utaona kimejaa vitundu vidogo, vingine vina umbo la nyota, vingine kama tundu la sindano. Kila kitundu kilikuwa chumba, na kila chumba kilikuwa na mkazi.

Mkazi huyo anaitwa polipu. Ni kifuko cha nyama laini, mara nyingi kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mdomo mmoja juu na vijimkono vinavyouzunguka. Mdomo huohuo ndio wa kula na ndio wa kutolea uchafu. Ni ndugu wa yavuyavu, yule anayewasha wavuvi, na vijimkono vyake vina sumu ya ukoo huohuo, ila ndogo sana. Polipu huchukua madini ya chokaa yaliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujitengenezea kikalio kigumu. Akishakitengeneza hujiinua kidogo, akatengeneza kingine juu yake. Maelfu ya polipu walioungana miili wakifanya hivyo kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka, ndio hulijenga tumbawe. Matumbawe yakirundikana karne kwa karne, tunapata mwamba.

Hapo ndipo fumbo la pantoni linapofumbuka. Sehemu iliyo hai ni ngozi nyembamba tu iliyoko juu. Chini yake ni kuta tupu walizoziacha waliotangulia, kama ghorofa ambalo wapangaji wake wanahamia juu kila mwaka. Mzee alipochoma chokaa alichoma nyumba kweli, na jiwe lile ni jiwe kweli. Ila kama alilichimbua kutoka majini likiwa bado na rangi, basi mwenye nyumba alikuwemo ndani.

Mafundi wa zamani wa Kilwa walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi. Kwa kuta nene walitumia mawe magumu ya matumbawe ya kale yaliyoko nchi kavu. Kwa kazi ya nakshi, kama pambo la kibla, walikata tumbawe bichi kutoka baharini, kwa sababu likiwa na maji huchongeka kwa urahisi na likikauka hushika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kwa kiasi kikubwa ni mifupa ya wanyama hawa.

Kuna mkazi wa pili, na bila yeye habari ya kupauka haieleweki. Ndani ya nyama ya polipu wanaishi vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho. Ni kama wapangaji. Polipu anawapa pa kukaa, wao wanatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo wanamlipa mwenye nyumba. Chakula kingi cha tumbawe hutoka kwenye kodi hii. Rangi ya kahawia au kijani unayoiona nayo ni ya hao wapangaji. Ndiyo maana matumbawe ya aina hii hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu. Pale Mto Ruvuma unapomwaga tope lake, mikoko inastawi na matumbawe yanakimbia, lakini ukisogea kaskazini kuelekea Msimbati, maji yakitakata, unayakuta.

Kasi yao ya kukua inatofautiana. Yale yenye matawi kama pembe huweza kuongezeka takriban sentimeta 10 kwa mwaka. Yale ya duara, mazito, huongezeka kama sentimeta 1 tu. Tumbawe la duara lenye kimo cha mtu mzima huenda lilikuwa limeshaanza kukua Livingstone alipoanzia safari yake Mikindani mwaka 1866. Na yanatunza kumbukumbu: likikatwa na kupigwa picha ya eksirei, huonyesha pete za kila mwaka kama mti. Tumbawe moja la Malindi, Kenya, liliwapa wanasayansi kumbukumbu ya joto la bahari kwa karibu miaka 200, nyuma kabisa ya kipimajoto chochote cha pwani yetu.

Jeupe si lazima liwe limekufa

Maji yakipanda joto kwa nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha juu cha kawaida cha msimu, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, vimwani hugeuka mzigo. Badala ya sukari tupu wanaanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wao. Polipu anawatimua. Wapangaji wakishatoka, nyama yake inabaki kama kioo, na unachokiona ni mfupa mweupe ulioko chini ya ngozi. Huko ndiko kupauka.

Tazama mbuyu wakati wa kiangazi. Umepukutisha majani yote, mgeni akiuona anasema umekauka, lakini mwenyeji anajua mvua ikinyesha utachipua. Tumbawe lililopauka liko katika hali kama hiyo: lina njaa, halijafa. Maji yakipoa mapema, vimwani hurudi na rangi inarudi. Ila mbuyu una ghala la maji katika shina lake, wakati tumbawe akiba yake ni ya wiki chache. Joto likiendelea, linakufa.

Na hapa wengi tunakosea, nikiwemo mimi kabla sijaelezwa. Tumbawe likifa halibaki jeupe. Baada ya muda mfupi mwani wa nje, ule wa utelezi, hulifunika likawa la kijani au hudhurungi. Sasa mvuvi aliyeona mwamba mweupe mwezi wa tatu, akipita tena mwezi wa sita akaukuta una rangi, atarudi nyumbani aseme umepona. Kumbe alichokiona mara ya pili ni ukungu juu ya kaburi. Aliyekufa ana rangi, na aliye mweupe bado ana pumzi. Ukitegemea jicho la kupita utapata jibu lililogeuzwa kichwa chini miguu juu.

Vipi kuhusu gesi? Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikaanza kuzalisha umeme miaka ya katikati ya 2000, na bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Lakini kupauka kukubwa kwa kwanza kunakokumbukwa katika Bahari ya Hindi kulitokea mwaka 1998, kisima cha Mnazi Bay kikiwa bado kimefungwa, na kulikumba Maldivi na Ushelisheli kama kulivyokumba Mafia. Inakadiriwa mwaka ule peke yake dunia ilipoteza asilimia 16 ya miamba yake ya matumbawe. Chanzo kilikuwa joto la bahari, likisukumwa na El Niño. Likajirudia mwaka 2016. Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza wimbi la nne la dunia nzima, na joto la kupausha la wimbi hilo limegusa zaidi ya asilimia 80 ya eneo lote la miamba duniani. Bomba la gesi halipashi moto bahari kutoka Msimbati hadi Maldivi.

Hiyo haina maana kwamba kuchimba, kufukia bomba au kupanua bandari hakugusi kitu. Tope likitibuliwa na kutua juu ya polipu linamziba mdomo na kuwanyima wapangaji wake jua. Lakini hilo ni shtaka lingine, lenye ushahidi wake, na huwezi kulithibitisha wala kulikanusha kama hakuna aliyehesabu kilichokuwepo kabla mashine haijafika. Kuhesabu kabla, hiyo ndiyo kazi ya yule binti.

Mita hamsini, penseli moja

Niliomba kupanda boti ya watafiti siku moja ya kaskazi, bahari imetulia kama mafuta kwenye sufuria. Mimi sizamii. Nilielea juu na miwani, nikawatazama wawili chini yangu, kama mita nane hivi. Nilitarajia kuona mambo makubwa. Nilichokiona ni mtu anayetandika utepe wa kupimia, ule wa fundi ujenzi, mita 50, juu ya mwamba.

Wa kwanza anatangulia polepole akihesabu samaki, kabla hawajashtuka. Pono wangapi, tasi wangapi, changu, kikande, na chewa akiwepo. Anakisia pia urefu wa kila mmoja, na makisio hayo huyafanyia mazoezi kwa vipande vya bomba vilivyokatwa kwa vipimo tofauti, maana majini kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Wavuvi wenye tabia ya kunyoosha mikono wakisimulia samaki aliyewaponyoka, mna udhuru. Wa pili anamfuata akiandika kilichopo chini ya utepe, hatua kwa hatua: tumbawe hai, tumbawe lililopauka, lililokufa, sifongo, kifusi, mchanga, majani. Anaandika kwa penseli kwa sababu wino hauandiki majini, na penseli imefungwa uzi kwa sababu ikimponyoka haizami, inapanda juu na kumwacha hana kazi ya kufanya. Nilimwona mmoja akisimama dakika nzima mbele ya tumbawe dogo kama ngumi, uso karibu uguse, kisha akaandika herufi tatu.

Wakipanda, hawapandi moja kwa moja. Husimama mita 5 kutoka juu kwa dakika tatu, wameshika kamba, ili hewa ya naitrojeni iliyoingia katika damu itoke taratibu. Ukipanda kwa pupa hewa hiyo hutoa mapovu mwilini kama soda iliyotikiswa. Hilo ndilo linalowatia watafiti wasiwasi, wala si papa, ambao kila mtu nchi kavu huwaulizia kwanza.

Kwa saa moja ya chini ya maji kuna siku kadhaa za mezani: kuhamisha namba, kukuza picha, kubishana kama tumbawe namba fulani ni aina hii au ndugu yake. Kijana anayeifuata kazi hii kwa ajili ya kuogelea na kasa ajue kwamba ataonana na kompyuta mara nyingi zaidi.

Na uzito wote uko kwenye kurudi mahali palepale. Namba moja peke yake ni sawa na kusema "dukani nina sukari kilo 12." Umeuza vizuri au umeibiwa? Hatujui mpaka utuambie Jumatatu ulikuwa na ngapi. Ndiyo sababu wanarudi, mstari uleule, msimu uleule, wakiweza na watu walewale. Zamani, binti alinieleza, walipigilia nondo fupi mwambani ziwe alama. Waliporudi hawakuzikuta. Mtu alizing'oa, na yeye ana hakika sasa ni nanga ya mtumbwi wa mtu. Siku hizi wanatumia GPS na picha za mwamba jirani, kama unavyomwelekeza mgeni: ukifika kwenye jiwe kama ngamia, kata kushoto.

Ubishi wa wazee na vijana ufukweni hauwezi kuisha bila namba hizo. Mzee anasema enzi zake chewa alikuwa mkubwa kama mbuzi. Kijana wa miaka 20 anasema samaki wapo wengi tu, wazee wanalalamika kwa mazoea. Wote wawili ni wakweli, kila mmoja anapima kuanzia siku aliyoshika kasia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mfupi baada ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kuanzishwa mwaka 2000, watafiti akiwemo Mkenya David Obura walihesabu matumbawe ya eneo hilo na kukuta zaidi ya aina 250 za matumbawe magumu. Bahari yote ya Karibi, yenye visiwa vinavyojulikana dunia nzima kwa kuzamia, haifikishi aina 100. Ubaya wa mambo mazuri ya Mtwara ni kwamba tunayasikia kwa wageni.

Sababu mojawapo ya utajiri huo ni mkondo. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unafika Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji, kisha unagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kuelekea Mafia, Zanzibar na Kenya, jingine linateremka kusini. Matumbawe huzaa vitoto vinavyoelea majini kwa siku au wiki kabla ya kuchagua pa kukaa. Kwa hiyo pwani ya Mtwara ni kama stendi kuu: abiria wa mbali wanashukia hapa, na wa hapa wanapanda kwenda kwingine. Mwamba ukifa hapa, hasara haiishii hapa.

Bayoanuwai, na ile sakafu tunayoidharau

Neno bayoanuwai linatisha bure. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi mbili tofauti. Siku moja meza zimejaa vibua watupu. Siku nyingine kuna vibua, changu, pweza, kamba kochi, mkunga, taa na pono. Uzito unaweza kuwa sawa siku zote mbili, lakini siku ya pili ndiyo yenye bayoanuwai. Miamba ya matumbawe haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, na bado karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea katika sehemu fulani ya maisha yao.

Lakini mtafiti wa sakafu ya bahari hawatazami matumbawe tu. Wengi tunaamini pasipo na mwamba hapana kitu, ni mchanga na tope. Watafiti hushusha chombo cha chuma kama viganja viwili kikachota tope, wakalimwaga kwenye chekeche la matundu ya milimita 1, wakaliosha kwa maji taratibu. Kinachobaki huonekana takataka mpaka uinamie: minyoo yenye manyoya ubavuni, chaza wadogo kama kucha ya mtoto, kaa asiyefika ukubwa wa harage. Kuwatambua kwa majina ni ujuzi wa miaka, na wanaouweza ni wachache.

Hao ndio wanaokula kinachooza na kuigeuza sakafu kama jembe. Jongoo bahari, ambaye kwetu tunamwona mali ya kukausha na kuuzia wafanyabiashara, siku nzima anameza mchanga na kuutoa ukiwa safi. Na mchanga wenyewe, ule mweupe tunaousifia, sehemu yake umepita tumboni mwa pono: anakwangua mwani juu ya mwamba, anameza na jiwe, analisaga, analitoa. Pono mkubwa mmoja hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mimi tangu nijue hilo silali tena ufukweni kwa amani ileile.

Na sakafu hiyo bado ina siri. Mwaka 2003, wavuvi wa Songo Mnara wilayani Kilwa walinasa samaki mzito mwenye magamba magumu na mapezi kama vikono. Alikuwa silikanti, wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Mpaka mwaka 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini, wasomi wa dunia waliamini ukoo huo ulitoweka pamoja na madinosaria. Sifa ya kumleta juu ni ya mvuvi. Jina na maelezo ni ya msomi. Kila mmoja angebaki na nusu ya habari bila mwenzake.

Baruti, na miezi mitatu ya pweza

Hoja ya "mwamba utaota tena" naisikia sana kuhusu uvuvi wa baruti. Chupa moja ikilipuka huvunja tumbawe kuwa kifusi, na kifusi ndicho tatizo. Kitoto cha tumbawe kinahitaji jiwe lililotulia, nacho kifusi kinabingirika kila kusi likivuma. Kinachotua leo kesho kimesagwa. Ndiyo maana shimo la baruti hukaa miongo likiwa uwanja mtupu. Halafu samaki wengi waliopasuka vifuko vyao vya hewa huzama, mlipuaji hawaokoti hata yeye.

Lakini tusibebeshwe mzigo usio wetu. Huko bara na Dar es Salaam imezoeleka kusema baruti ni ugonjwa wa kusini. Mwaka 2015 watafiti walipita na vinasa sauti vya chini ya maji kutoka mpaka wa Msumbiji hadi mpaka wa Kenya, wakanasa milipuko zaidi ya 300. Zaidi ya nusu ilitokea jirani na Dar es Salaam.

Mkanganyiko mwingine unatokana na jambo jema. Vijiji kadhaa, kama Songosongo, vimejaribu kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kama mitatu, na siku ya kufungua pweza wanatoka wakubwa. Basi mtu anauliza: mbona tulifunga na matumbawe hayajarudi? Pweza anamaliza maisha yake yote kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni ujana mzima. Kwa tumbawe la duara, miezi mitatu ni unene wa shilingi.

Nalo linanirudisha kwenye manung'uniko yangu ya muda mrefu: miradi ya utafiti huja na fedha za miaka miwili au mitatu, na mnyama mwenyewe anahitaji kutazamwa kwa miongo. Mradi ukiisha boti inauzwa, kijana anatafuta kazi nyingine, na mfululizo wa namba unakatika. Dkt. Christopher Muhando wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar ni miongoni mwa Watanzania walioifuatilia miamba yetu kabla na baada ya mwaka 1998. Watu wa namna hiyo ndio wanaotuwezesha leo kusema "ilikuwa hivi", na wangepaswa kuwa wengi.

Njia ya kuingia ipo. Wapo wanaoanza na stashahada za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambayo ina kampasi hapahapa Mikindani. Wapo wanaosoma shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na taasisi yake ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1978. Kazi ziko TAFIRI, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, kwenye hifadhi za bahari, halmashauri, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, mashirika, na kampuni zinazofanya tathmini za mazingira. Biolojia ya sekondari ni lazima, hisabati usiikimbie, na kuogelea kunafundishika. Mama zetu wanaochokoa pweza Msangamkuu wanaujua mwamba kwa nyayo kuliko wahitimu wengi, kwa hiyo sijui nani alianzisha habari kwamba hii si kazi ya wanawake. Na kwa mzee wa pantoni: mtafiti hana mamlaka ya kukamata wavu wala kufunga eneo. Anaingia hifadhini kwa kibali kama mgeni mwingine.

Bamvua lilipofika nilikwenda, nusu kwa ajili ya makala haya na nusu kwa umbea. Mzee alikuwepo, suruali kaikunja magotini, kofia ileile. Binti alimtembeza hadi penye kidimbwi kilichoachwa na maji, akamvisha miwani, akamshika bega ainame. Alikuwa amemchagulia aina moja isiyosubiri usiku kutoa vijimkono kama ndugu zake wengi. Mchana huohuo ilikuwa imechanua kama ua la alizeti lililonyong'onyea. Mzee alikaa uso majini mpaka nikahofia pumzi yake. Akainuka, akafuta ndevu, akainama tena, na kabla binti hajamzuia akapeleka kidole.

"Taratibu, babu."

Vijimkono vyote vikarudi ndani mara moja, kikabaki kigongo cha jiwe.

"Limenikwepa," mzee akasema. Akasubiri. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakitugusa vifundo vya miguu. "Na hili lilianza lini?"

Binti akalipima kwa shubiri, upana na kimo, akachomoa penseli.